Nitaanza Jumatatu: Binti, Harusi ya Disemba na Mtihani wa Dakika 135

Kuna binti mmoja wa Tabata, jina kapuni, alivishwa pete mwezi wa 6 kwenye mgahawa mmoja wa pembeni mwa bahari. Video ilizunguka kwenye stetasi za WhatsApp siku tatu nzima. Jamaa kapiga goti, keki ipo, mashosti wanapiga vigelegele, binti analia. Watu wakajaza "hongera dada" na "zamu yetu lini jamani".

Ambacho hakuna aliyekijua siku ile ni kwamba kwenye kompyuta ya binti kulikuwa na folda imeandikwa "Mapishi ya Biriani". Ndani hamna biriani wala pilau. Kulikuwa na maswali ya hesabu, vifungu vya Kiingereza vya kusoma na kujibu, na picha ya ukurasa wa shule moja ya biashara huko Ufaransa. Kozi ya MBA, mwaka mmoja tu unamaliza.

Folda ile ilikuwa na mwaka na nusu. Na mwaka na nusu wote binti alikuwa anajiambia sentensi moja: nitaanza Jumatatu.

Kwa ambao hawaujui, GMAT ni mtihani ambao shule nyingi kubwa za biashara duniani zinautumia kuchuja wanaoomba nafasi. Unafanywa kwenye kompyuta. Una sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, lugha na kupima hoja maswali 23, na uchambuzi wa data maswali 20. Jumla dakika 135, maswali 64. Kwenye hesabu hakuna kalkuleta, unayo kwenye sehemu ya data peke yake. Na mashine inakupima huku unajibu, yaani ukipatia inakuletea magumu zaidi. Alama zinaanzia 205 mpaka 805.

Sio mtihani wa kukariri, ndo maana watu wanaudharau. Hesabu zake nyingi ni za sekondari kabisa: asilimia, uwiano, namba, aljebra. Binti alisoma biashara chuo, anafanya kazi benki, kila siku anashika namba. Akaona hiyo kitu ni ya miezi miwili tu, hamna haja ya papara.

Kwa hiyo kila mwezi alikuwa na sababu nzuri. Januari kazini wanafunga hesabu za mwaka. Machi mdogo wake yupo kwake anatafuta kazi, chumba kimoja, taa haiwezi kuwaka usiku. Mei uchumba umekolea, kila wikiendi mtoko. Sababu zote za kweli kabisa. Hakuna hata moja aliyoitunga.

Mbaya zaidi, sio kwamba alikuwa hasomi. Alikuwa anasoma vipande vipande. Alinunua kitabu cha mtumba kwa jamaa mmoja kwenye grupu, kitabu kinene, bei ya kutupa. Akala nacho wiki sita kwenye miduara na pembetatu, na kwenye maswali ya kusahihisha sentensi za Kiingereza. Kuja kushtuka, mtihani ulishabadilika. Toleo jipya lilianza Novemba 2023 na la zamani likafungwa mwisho wa Januari 2024. Jiometria imeondolewa. Kusahihisha sentensi kumeondolewa. Wiki sita zimeenda na maji, na bado moyoni alikuwa anajihesabu kuwa "ameanza".

Aliyemwamsha ni kaka mmoja wa kitengo cha mikopo pale pale kazini, ambaye mtihani alishaufanya na shule alishapata. Mwezi wa 7, wakiwa kantini, binti akamuuliza kwa kuzungukazunguka: "Hivi kaka, mtu akitaka kufanya GMAT aanze lini?"

Kaka akamuuliza swali lingine: "Dirisha la shule unayotaka linafungwa lini?"

Binti hakujua. Mwaka na nusu, folda, kitabu kinene, lakini tarehe ya dirisha hakuwa nayo kichwani.

"Basi huwezi kujua unaanza lini," kaka akamwambia. "Hesabu inaanzia mwisho inarudi nyuma."

Shule nyingi za aina hii zinapokea maombi kwa awamu. Kwa zinazoanza masomo Septemba, kawaida awamu ya kwanza inafungwa karibu na Septemba ya mwaka uliotangulia, na ya pili mwanzoni mwa Januari. Ukisubiri zaidi ya hapo, nafasi zinapungua na hela za ufadhili ndo zinazidi kuwa chache.

Kitu cha pili alichoambiwa kilimuuma. Kabla hujafungua kitabu chochote, fanya jaribio moja kamili ukijipima muda. Wenye mtihani wenyewe wanatoa majaribio mawili bure kwenye tovuti yao. Binti alikuwa anayajua, ila ameyahifadhi "ya mwishoni, nikishaiva". Kaka akacheka. "Moja ni la mwishoni. Moja ni la leo. Utapangaje safari hujui uko kituo gani?"

Jumamosi moja mdogo wake akiwa hayupo, binti akafunga mlango akafanya. Akapata 505. Kwa shule aliyoilenga alikuwa anataka afike angalau 615. Alikaa kitandani anaangalia ile namba, na kwa mara ya kwanza kile kitu kikaacha kuwa ndoto kikawa kazi. Alama 110 za kupanda. Hizo hazipandi kwa miezi miwili ya kusoma ukijisikia.

Usiku ule akachukua daftari la duka, lile la mistari, akaanza kuhesabu kurudi nyuma.

Dirisha: mwanzoni mwa Januari. Disemba aiache kwa insha za shule na kufuatilia wanaomwandikia barua za mapendekezo, maana mabosi nao wana mambo yao. Mtihani wa kwanza uwe katikati ya Novemba, ili ukienda vibaya kuwe na nafasi ya kurudia. Kurudia unaruhusiwa, lakini lazima zipite siku 16, na hurudii zaidi ya mara tano ndani ya miezi 12. Kila ukikaa ni karibu dola 300 za Marekani, kwa hiyo mfuko wenyewe unakwambia mwisho mara mbili. Akaandika tarehe 14 Novemba.

Halafu saa za kusoma. Wengi waliopita huko wanataja saa 100 kwenda juu. Akachukua 120. Anatoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi, anarudi saa 2 usiku na foleni yake, kichwa kimechemka. Usiku hausomeki. Ikabaki alfajiri, saa 10 na nusu mpaka saa 12, siku tano, na Jumamosi saa nne. Kwa wiki saa kumi na moja na nusu. Kumi na moja na nusu kwenye 120 ni wiki 11 hivi.

Akataka kuishia hapo. Kisha akakumbuka maneno ya kaka: weka wiki za msiba. Yaani wiki ambazo maisha yatazichukua bila kukuomba. Akaweka tatu. Jumla wiki 14.

Kutoka 14 Novemba, rudi nyuma wiki 14. Kalenda ikamwangukia tarehe 8 Agosti. Nane Nane.

Alifurahi mno. Sikukuu, hakuna kazi, siku safi ya kuanza. Akazungushia kwa kalamu nyekundu.

Sasa hapo ndo stori inapoanza kweli, maana kalenda ile ile ilikuwa na mtu mwingine anaizungushia kwa kalamu yake.

Harusi ilipangwa Disemba. Jamaa, ambaye ana duka la spea, alishalipia ukumbi kianzio cha milioni moja na nusu. Upande wa binti, shangazi ndo mwenyekiti wa kamati ya sendofu, na shangazi mwenyewe sio wa mchezo. Nane Nane, saa 2 asubuhi, binti kakaa mezani, chai imepoa, kitabu kipya kiko pembeni hakijafunguliwa, simu inaita.

"Mwanangu, leo sikukuu watu wote wapo. Kikao cha kwanza saa 8 mchana. Usichelewe, wewe ndo mwenye shughuli."

Akaenda. Angefanyaje? Kikao kikaenda vizuri, soda, karanga, bajeti, rangi za sare. Mwishoni katibu akasoma ratiba: vikao vitakuwa kila Jumamosi mchana mpaka wiki ya shughuli. Kicheni pati mwanzoni mwa Disemba. Mtu wa mapambo atakuja Jumapili. Na mwezi wa 10 bi harusi mtarajiwa anaanza kufundwa.

Binti alikuwa anaitikia kwa kichwa huku anapiga hesabu kimoyomoyo. Jumamosi zimekwenda. Saa nne za kila wiki zimekwenda. Alfajiri zitabaki, lakini mtu aliyerudi kikaoni saa 5 usiku haamki saa 10. Na mtihani wenyewe alipanga kuufanyia nyumbani kwa mtandao. Huo ukiufanya, chumbani unakuwa peke yako, meza tupu, simu mbali, kamera imewashwa na msimamizi anakuangalia toka huko aliko. Mtu akiingia tu kukuuliza funguo ya stoo iko wapi, mtihani unaweza kusitishwa. Utafanyaje kitu kama hicho kwa siri kwenye nyumba ya kupanga, vyumba sita, koo moja?

Mwanzo wa safari hii shosti wake mmoja alimwambia maneno ambayo wengi wetu tumelelewa nayo: "Soma kimya kimya. Usimwambie mtu. Watu wana husda, watakuharibia." Na ni kweli, mjini hapa ukitangaza jambo kabla halijatimia, watu wanakaa kukusubiri uanguke. Ndo maana folda ikaitwa biriani.

Lakini siku ile kikaoni ikamwingia akilini kwamba husda haikumpotezea hata saa moja. Watu waliomchukulia saa zake zote ni wanaompenda. Shangazi anampenda. Jamaa anampenda. Hakuna anayemroga. Wanachukua muda wake kwa sababu hawajui kwamba una kazi nyingine, na hawajui kwa sababu hajawaambia. Mwaka na nusu alidhani anatafuta tarehe ya kufungua kitabu. Kumbe alikuwa anaikwepa siku ya kufungua mdomo.

Jamaa alikuja kumchukua saa 1 usiku. Wakiwa kwenye foleni, gari halisogei, akasema. Alisema vibaya, ameanzia katikati, mara Ufaransa, mara mtihani, mara Novemba, mara "sio kwamba sitaki harusi". Jamaa akazima redio.

"Umeanza lini hii mipango?"

"Mwaka jana. Mwanzoni."

"Kabla ya pete."

"Kabla."

Jamaa hakugomba, na hapo ndo ilimuuma binti zaidi. Alimfikisha mpaka getini, akamwambia usiku mwema, akaondoka. Siku nne hakupiga simu. Mtu ambaye alikuwa anatuma "umekula?" kila saa 7 mchana.

Siku ya tano akaja na chipsi mayai kwenye mfuko, akasema, "Nionyeshe." Binti akafungua kompyuta. Jamaa kuona jina la folda akacheka kwa nguvu, halafu kicheko kikakatika. "Mwaka na nusu unapika biriani hili peke yako? Kwani ulidhani mimi ndo nitalimwaga?"

Binti hakuwa na jibu. Ukweli ni kwamba ndivyo alivyodhani. Alikuwa na hofu kwamba mwanaume akijua, atamwambia achague. Badala ya kumuuliza, akamjibia mwenyewe, na akaishi na jibu hilo mwaka na nusu.

Hapa wengine watategemea jamaa aseme "nenda mpenzi, dunia ni yako". Hakusema hivyo. Aliuliza maswali ya mtu mzima. Ada ni kiasi gani na nani analipa? Ukipata bila ufadhili inakuwaje? Ukienda mwaka mzima, mimi nakaa hapa kama nani, mume au mchumba? Baadhi yalijibika usiku ule. La mwisho mpaka leo halijajibiwa.

Walichokubaliana ni kidogo tu: harusi isogezwe mpaka baada ya Pasaka. Mwenye ukumbi akakubali kuhamisha tarehe lakini akakata laki nne. Shangazi alitoa maneno ambayo hayafai kuandikwa, kwamba toka lini mtu amevishwa pete akaomba likizo. Ndugu wawili wakajitoa kwenye grupu la sendofu. Hiyo ndo gharama, na haikuwemo kwenye zile dola 300.

Ila asubuhi iliyofuata saa 10 na nusu binti aliamka, akawasha taa, mdogo wake akajifunika shuka kichwani bila kulalamika, maana naye alishaambiwa. Akafungua kitabu. Alikuwa amechelewa siku sita tu kwenye ratiba yake.

Na zile wiki tatu za msiba? Zilitumika zote. Moja ilikuwa msiba kweli, Morogoro. Moja mwisho wa Septemba, benki wanafunga robo mwaka, mtu anatoka saa 4 usiku. Ya tatu iliishia kwenye zile siku sita na homa ya siku mbili. Asingeziweka, Novemba ingemkuta njiani.

Tarehe 14 jamaa alifika na betri ya kuendeshea kifaa cha intaneti, umeme usije ukaleta utani. Akaenda kumwomba kijana wa chumba cha tatu azime singeli kwa saa tatu. Akavuta kigoda, akakaa koridoni nje ya mlango, anazuia watoto wa mwenye nyumba wasipite na mpira. Binti akapata 575.

Haikutosha, lakini haikumuua, kwa sababu nafasi ya pili ilikuwemo kwenye daftari tangu Julai. Akarudia tarehe 5 Disemba, wiki ile ile ambayo kwenye ratiba ya zamani ilikuwa ya kicheni pati. Akapata 625. Alama zenyewe zinadumu miaka mitano, kwa hiyo hata shule ikimkatalia mwaka huu, namba yake iko palepale.

Maombi yameenda Januari. Majibu bado. Harusi ya baada ya Pasaka ipo, vikao vimeanza upya, na shangazi amerudi kwenye kiti chake cha mwenyekiti, sasa anamuuliza binti mbele za watu: "Kuna mtihani mwingine au tuendelee?"

Kwa hiyo wadau, kama na wewe una folda yako ya biriani, iwe ya GMAT, ya CPA, ya kurudia kidato cha nne, hesabu sio ngumu. Tafuta dirisha linafungwa lini, jipime leo ujue ulipo, rudi nyuma wiki kwa wiki, weka na wiki za msiba. Tarehe itajitokeza yenyewe. Ila siku hiyo ikifika, usikimbilie kitabu. Nenda kwanza kwa yule mtu ambaye saa zake utazichukua, umwambie. Ukishamwambia, umeanza. Kama bado unaogopa kumwambia, basi hujaanza, hata kama umeshamaliza kitabu kizima.

Kuna watakaosema binti alikosea, angesoma kimya mpaka apate nafasi ndo aseme. Na kuna watakaosema jamaa ndo alikuwa na haki ya kujua kabla hajapiga goti. Ungekuwa wewe ndo jamaa, pale kwenye foleni, redio umeizima, ungejibu nini? Dondosha koment hapo chini.